Kitabu Chini ya Mbao za Sakafu

Mazungumzo ya jioni katika redio. Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9

Wewe uliye jikoni ukingoja maji ya ugali yachemke, wewe uliye ndani ya matatu ukirudi nyumbani, nawe mgonjwa unayesikiliza ukiwa kitandani, karibuni nyote. Jioni ya leo nataka tusafiri pamoja mpaka mbali, katika kijiji kidogo cha nchi ya Polandi, kisha turudi kwetu kabla chakula hakijapoa.

Lakini kwanza nieleze jinsi mimi, kasisi wa mashambani hapa Kenya, nilivyofika kijiji hicho. Sikufika kwa ndege. Nilifika kwa kusoma, tena kwa sababu ya aibu.

Mnakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020, makanisa yetu yalipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Hayakufunguliwa mpaka Julai, na hata hapo tuliruhusiwa watu 100 tu, kwa muda wa saa moja, na watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliopita miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Katika miezi ile ya kufungwa nilikuwa nikiwapigia simu Wakristo wangu, nikimwuliza kila mmoja swali lile lile: Je, mnasali nyumbani? Wengine walijibu ndiyo, kwa furaha. Wengine walinyamaza kidogo, kisha wakasema, "Kasisi, sisi twangoja mtufungulie." Mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyeshika ufunguo wa sanduku la sadaka kwa miaka mingi, aliniambia kwamba hajui aanzeje kuomba mbele ya watoto wake, maana hawajamsikia akiomba hata siku moja. Nikamwonya. Nadhani nilimwonya kwa ukali kidogo. Nilipoweka simu chini, mke wangu, aliyekuwa akisikia yote, akaniuliza kwa upole, "Na sisi, Baba watoto, tumesali lini humu ndani?"

Sikuwa na jibu. Jioni zangu zilikuwa za kamati: kamati ya jengo, kamati ya harambee, kamati ya kwaya. Niliporudi, watoto walikuwa wamekwisha kulala.

Basi nikaanza kutafuta habari za Wakristo wa zamani waliofungiwa makanisa, nijue waliishije. Ndivyo nilivyofika Cisownica.

Jina hilo lina tabu kwa ulimi wetu. Wenyewe hulitamka kama vile "Chisovnitsa", nalo latokana na cis, mti wa nchi za baridi wenye majani mabichi mwaka mzima. Kijiji chenyewe kiko kusini kabisa mwa Polandi, karibu na mpaka wa nchi ya Ucheki, katika vilima vilivyo chini ya milima iitwayo Beskidi. Watu wake ni kama 1,500. Mashamba yamepanda juu ya miteremko, na nyuma yake husimama kilima cha Tuł na mlima Czantoria wenye misitu mingi. Mtu wa Taita au wa Kirinyaga akipelekwa pale wakati wa kiangazi asingepotea sana. Angepotea wakati wa baridi, theluji ifunikapo njia.

Mwingine atauliza, Polandi yatuhusu nini? Nitajibu kwamba Afrika Mashariki imewahi kuwapokea Wapolandi. Tangu mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu yao, wengi wanawake na watoto, waliletwa huku wakiwa wakimbizi, wakapewa makao Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja katika Uganda. Makaburi yao yako Tengeru hata leo. Hao lakini walitoka mashariki ya nchi yao, na wengi walikuwa Wakatoliki. Watu wa Cisownica ni wa upande mwingine, na tangu zamani wengi wao wamekuwa Walutheri. Katika Polandi hilo ni jambo la ajabu, kwa maana nchi nzima ni ya Wakatoliki. Walutheri wote wa Polandi hawafiki 100,000, na sehemu kubwa yao wako katika wilaya hiyo ndogo izungukayo mji wa Cieszyn. Wana lahaja yao pia, ambayo Wapolandi wa Warsaw huisikia kwa shida, nao wakiulizwa wasema lugha gani hujibu "po naszymu", yaani kikwetu. Nilipolisoma hilo nikacheka peke yangu. Nani kati yetu hakuulizwa shuleni anasema lugha gani, akajibu, "Kikwetu"?

Sasa tusikilize yaliyowapata.

Katika karne ya 16 mtawala wa nchi ya Cieszyn, Wacław III Adam, aliyakubali mafundisho ya Luther, na watu wake wakamfuata. Kwa miaka mingi Neno likahubiriwa kanisani kwa lugha waliyoielewa. Mwaka 1610 mwana wa mtawala huyo akarudi katika Ukatoliki, na mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1653 akafa mtawala wa mwisho wa ukoo huo, mwanamke aitwaye Elżbieta Lukrecja, na nchi ikaingia mikononi mwa Kaizari wa Austria. Kaizari hakungoja. Mwaka uliofuata, 1654, tume yake ilizunguka katika nchi, ikachukua makanisa karibu 50 kutoka kwa Walutheri. Wachungaji wao wakafukuzwa. Kanisa la Goleszów, kijiji jirani walikokwenda kusali watu wa Cisownica, lilikuwa mojawapo.

Hapa niseme neno la haki, maana najua ndugu zetu Wakatoliki hutusikiliza. Mambo hayo yalifanywa na serikali za wakati ule pande zote. Sisi Waanglikana hasa tusijivune. Katika Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, mapadre Wakatoliki waliuawa kwa sababu ya upadre wao. Leo katika Cisownica Wakatoliki na Walutheri ni majirani, huzikana na kuoana. Siyasemi haya ili kufukua ugomvi. Nataka kujua jambo moja tu: siku ya Jumapili ya kwanza baada ya ufunguo kuchukuliwa, wale watu walifanya nini?

Walikaa nyumbani wakafungua kitabu.

Walikuwa na vitabu vitatu hasa. Cha kwanza ni Biblia ya Kipolandi iliyochapwa Gdańsk mwaka 1632. Cha pili ni kitabu cha nyimbo alichokitoa Jerzy Trzanowski mwaka 1636. Huyo alikuwa mwana wa nchi yao, mzaliwa wa mji wa Cieszyn wa mwaka 1592, na ingawa kitabu chake kilikuwa katika Kicheki, lugha ya jirani zao, walikiimba kama chao. Cha tatu kilikuwa kitabu kikubwa kizito cha mahubiri, Postylla ya mchungaji Samuel Dambrowski. Ndani yake mlikuwa na mahubiri ya kila Jumapili na kila sikukuu, tangu Majilio mpaka mwisho wa majira ya Utatu. Sisi tunaotumia Kitabu cha Sala twaijua kalenda hiyo. Kwa hiyo Jumapili ilipofika, baba wa nyumba aliketi mezani, watu wa nyumbani na watumishi wakamzunguka, wakaimba, akasoma hubiri la siku hiyo, wakaomba. Baba akiwa safarini au amekufa, mama alisoma. Mama akiwa hajui kusoma, mtoto anayejua aliwekwa mezani. Ndiyo sababu katika nyumba hizo watoto walifundishwa kusoma, ingawa walikuwa watoto wa wakulima waliofanya kazi za lazima katika mashamba ya bwana wa ardhi.

Wala haikuwa kazi ya salama. Vitabu vilitafutwa. Watu waliotumwa kuwarudisha Walutheri katika Ukatoliki walijua mahali nguvu yao ilipo, nao wakaingia majumbani wakavichukua. Basi watu wakavificha, chini ya mbao za sakafu, na ghalani chini ya nyasi kavu za ng'ombe. Wakati wa kusali mlango ulifungwa, ubao ukainuliwa, kitabu kikatolewa na kupanguswa vumbi. Fikiri, ndugu msikilizaji, mtoto wa miaka mitano akimwona baba yake akiinua sakafu ya nyumba ili atoe kitabu. Hakuna haja ya kumwambia mtoto huyo kwamba kitabu kile kina thamani.

Mara kwa mara walipata mchungaji. Alivuka milima kwa siri kutoka upande wa Hungaria, sehemu ambayo sasa ni Slovakia, na habari zake zikapelekwa nyumba kwa nyumba kwa kunong'ona. Usiku au alfajiri watu wakapanda msituni, wengine katika mlima Równica, wengine katika Czantoria, mahali penye mwamba mkubwa ambao waliutumia kuwa meza ya Bwana. Hapo walisikia mahubiri, watoto wakabatizwa, watu wakapokea Ushirika Mtakatifu katika baridi. Hata leo, siku za kiangazi, Walutheri wa wilaya ile hupanda kwenye miamba hiyo, wazee kwa fimbo na watoto wakikimbia mbele, wakafanya ibada chini ya miti.

Sisi makasisi hatuipendi sana habari hii, nami nakiri. Yaonyesha kanisa likikaa miezi na miezi bila sisi. Lakini tazameni tena: watu wale hawakusema kwamba hawahitaji mchungaji. Walitembea usiku mlimani kwa ajili ya kumwona. Waliojilisha nyumbani ndio waliokuwa na njaa ya meza ya Bwana. Na katika parokia yangu, mwezi ule wa Julai tulipofungua, waliokuja mbio wa kwanza walikuwa wale wale walioniambia kwenye simu kwamba wanasali nyumbani. Waliokuwa wakingoja tufungue, baadhi yao nawangoja mimi mpaka sasa.

Tena si wote waliosimama. Wengine walichoka wakafuata dini ya Kaizari, wengine kwa hofu, wengine kwa sababu walitaka kutunza shamba na kazi. Mimi si mtu wa kuwahukumu. Sijawahi kuogopa kupoteza shamba langu kwa ajili ya kitabu.

Hivyo wakaishi miaka 55. Mwaka 1707 Mungu alitumia njia ambayo hakuna mkulima wa Cisownica angeifikiri. Mfalme Charles wa Kumi na Mbili wa Uswidi, Mlutheri, alikuwa akipiga vita katika sehemu zile, na Kaizari hakutaka kugombana naye. Wakafanya mapatano mahali paitwapo Altranstädt, na kwa sababu yake Walutheri wa Silesia wakapewa ruhusa mwaka 1709 ya kujenga makanisa mapya sita. Moja likawa Cieszyn. Wakaliita Kanisa la Yesu. Ni jengo kubwa sana lenye roshani za ghorofa kwa ghorofa ndani yake, lachukua watu maelfu, na mpaka leo ndilo kanisa kubwa kuliko yote ya Walutheri wa Polandi. Walilijenga kubwa kwa sababu kwa nchi yote ile lilikuwa moja tu. Kutoka Cisownica mpaka huko ni kilometa nyingi, nao walizitembea kwa miguu, kwenda na kurudi, wakati wa matope na wakati wa theluji. Na Jumapili ambayo theluji iliziba njia, Postylla ilifunguliwa mezani kama zamani.

Mwaka 1781 Kaizari Joseph wa Pili akatoa amri ya uvumilivu, kwamba Waprotestanti wapate kujenga nyumba za sala katika vijiji, ila zisiwe na mnara wala kengele. Goleszów ikapata yake mwaka 1785. Hesabuni wenyewe: tangu 1654 mpaka 1785 ni miaka 131. Mtu aliyefungiwa kanisa la Goleszów akiwa kijana, aliyeona Walutheri wakisali tena kijijini hapo huenda alikuwa kitukuu wa mjukuu wake. Kati yao kulikuwa na vizazi vinne au vitano, na kila kizazi kilipaswa kukabidhi kitu kwa kinachofuata. Kama kizazi kimoja tu kingesema, "Sisi tumechoka, watoto watajifunza kanisani," hadithi ingekwisha pale, maana kanisa la karibu halikuwapo.

Sasa nawaletea mtu mmoja wa kijiji hicho, ambaye ndiye aliyenifanya niandike mazungumzo haya. Jina lake Jura Gajdzica. Litamkeni "Gaijitsa" na hamtakosea sana. Alizaliwa mwaka 1777, kwa hiyo nyumba ya sala ya Goleszów ilipoanza yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Alikua akawa mkulima mdogo na mwendesha gari la farasi, akichukua mizigo ya watu njia ndefu ili apate fedha za nyumbani. Kama angekuwa kwetu leo angekuwa na lori kuukuu au mkokoteni wa punda. Huyu mtu alinunua vitabu, akavitunza nyumbani kwake, vikawa vingi hata vikawa maktaba. Mwaka 1812, mwaka ule Napoleon aliokwenda kushindwa katika Urusi, Gajdzica alijitengenezea kitu ambacho wakati ule kilikuwa cha mabwana na maaskofu: karatasi ndogo iliyopigwa chapa kutoka mchoro wa ubao, ya kubandikwa ndani ya kitabu, ikisema kwamba kitabu hiki ni chake yeye, Jura Gajdzica wa Cisownica Ndogo. Wataalamu wa vitabu wa Polandi huiheshimu mpaka leo kuwa ya kwanza inayojulikana ya mkulima katika nchi yao.

Pia aliandika kwa mkono wake kumbukumbu za wakati wake. Aliandika habari za majeshi yaliyopita katika vita vya Napoleon, na ughali, na taabu za watu wa kawaida, na juu ya maandishi yake akaweka maneno yenye maana ya kwamba ni kwa ukumbusho wa wanadamu. Hakuna aliyemtuma. Alikufa mwaka 1840, na kazi za lazima kwa mabwana wa ardhi hazikufutwa mpaka 1848. Nimelifikiria sana jambo hilo. Alikuwa mtu ambaye siku zake na mikono yake havikuwa vyake vyote, kwa kuwa bwana alikuwa na sehemu yake. Lakini akifungua kitabu, ukurasa wa kwanza ulimwambia kwamba hiki ni chake. Wazee wetu waliobeba kipande shingoni na kwenda jioni katika darasa la ubatizo wakiwa na kitabu mfukoni wangemwelewa huyu mtu mara moja.

Baada ya kufa kwake vitabu vikatawanyika. Karne nzima baada ya Gajdzica, mwaka 1877, katika Ustroń, mji wa jirani, akazaliwa Jan Wantuła. Huyo naye alikuwa mtu wa mkono mgumu, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma na mkulima, Mlutheri, naye pia mpenda vitabu. Alizunguka akitafuta vitabu vya kale katika nyumba za watu, na ndiye aliyemfufua Gajdzica kutoka katika usahaulifu, akaandika habari zake watu wakamjua. Mwana wa Wantuła, jina lake Andrzej, alikulia katika nyumba hiyo yenye vitabu. Akawa mchungaji, wakati wa vita Wanazi walimkamata wakamtia katika kambi zao za mateso, akaokoka, na tangu mwaka 1959 mpaka 1975 alikuwa askofu wa Walutheri wa Polandi, wakati serikali ya nchi haikuwa rafiki wa dini. Sikuambii kwamba kila nyumba yenye vitabu hutoa askofu. Nakueleza tu yaliyotukia katika nyumba ile.

Nao desturi zao nyingine? Ziko nyingi, na ni nzuri. Wanawake wana vazi lao la kienyeji, lenye kizibao cha mahameli kilichotariziwa na mshipi wa fedha, ambalo hutunzwa sandukuni na kurithiwa. Usiku wa kuamkia Krismasi familia hukaa mezani, na kabla ya kula baba husoma katika Injili habari za kuzaliwa kwa Bwana, kisha huimba. Asubuhi ya Krismasi, giza bado, huenda kanisani kwa ibada ya alfajiri. Ijumaa Kuu huiheshimu kuliko sikukuu zote. Lakini ninalolipenda mimi ni dogo kuliko hayo. Katika Biblia za kale za nyumba hizo, kurasa tupu za mbele zimeandikwa kwa mkono: fulani amezaliwa, fulani amefunga ndoa, fulani amelala katika Bwana.

Hapo nimefika nyumbani, msikilizaji wangu, kama nilivyoahidi.

Hapa kwetu Wakristo wa kwanza walipewa jina na jirani zao. Hawakuitwa waimbaji wala wajenzi. Waliitwa wasomaji. Ukipita kijijini ukasikia sauti ya mtu asomaye usiku kwa taa ya kibatari, ulijua hapa pana Mkristo. Siku hizi tuna makanisa ya mawe, tuna mabati ya rangi, tuna vipaza sauti vinavyosikika mpaka mtaa wa pili. Sina neno baya juu ya hayo. Nimeongoza harambee zake. Lakini Musa, katika somo letu la leo, hakutaja jengo lolote. Alitaja nyumba, na njia, na wakati wa kulala, na wakati wa kuamka, na miimo ya mlango. Naye aliyepewa kazi hiyo alikuwa mzazi.

Wengine husema, "Kasisi, mimi nasoma Biblia kwenye simu." Vema, soma. Ila jambo moja nimeliona kwangu. Mtoto akimwona baba ameinama juu ya simu, hajui kama ni Zaburi au ni matokeo ya mpira. Na simu haina ukurasa wa mbele wa kuandika kwamba fulani amezaliwa.

Nasema hivyo kwa sababu katika kabati la ofisi yangu, chini ya mafaili ya parokia, ilikuwamo Biblia ya marehemu mama yangu. Nilipewa siku ya mazishi yake, nikaiweka pale nikisema nitaiangalia. Sikuiangalia. Baada ya kusoma habari za Cisownica nilikwenda kuitafuta. Jalada limefungwa kwa uzi, na ukurasa wa mbele una mwandiko wake. Ametuandika sisi watoto wake saba, kila mmoja na siku yake. Mdogo wangu aliyekufa kwa surua ameandikwa mara mbili, kuja na kwenda. Baada ya mdogo wetu wa mwisho, ukurasa ni mtupu.

Jioni hiyo sikwenda kwenye kamati. Nilipeleka ujumbe kwamba nimepata udhuru, na nadhani ni udhuru wa kwanza wa kweli niliopata kuutoa. Tulikaa mezani, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu. Niliona haya, nawaambia kweli. Mimi nihubiriye mbele ya watu 400 sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilisoma mistari michache ya Kumbukumbu la Torati, mke wangu akaanzisha wimbo, mwanangu mkubwa akaimba akitazama dirisha. Kisha nikachukua kalamu nikaandika majina ya watoto wetu chini ya majina yetu. Nikamwuliza kila mmoja siku yake. Yule msichana wetu wa mwisho alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akisoma kila herufi, akaniambia, "Baba, umeniandika tarehe kumi na mbili. Nilizaliwa tarehe kumi na nne."

Nikafuta, nikaandika upya.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wakumbuke jioni hii wale wazee wanaotaka kuomba mbele ya watoto wao na hawajui waanzeje. Wape neno la kwanza tu. Wakumbuke watu wa Cisownica, Walutheri na Wakatoliki, katika nyumba zao. Umkumbuke mama aliye peke yake na watoto, na mtoto aliye peke yake na kitabu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.